Mtoto Akiumia Kichwa Uwanjani, Nani Aamue?



Tutazame leo jambo linaloweza kuingia katika nyumba yoyote yenye kijana mchezaji. Mvulana wa miaka 16 yuko shule ya bweni na anacheza raga. Jumamosi moja anakumbwa na mpinzani, kichwa kinagonga ardhi, anainuka huku akiyumba. Mara tatu anawauliza wenzake ni timu ipi inayoongoza. Jioni kichwa kinamwuma na mwanga wa taa unamkera macho. Muuguzi wa shule anasema ubongo umetikisika, na simu inapigwa nyumbani. Zimebaki wiki mbili fainali ichezwe. Siku chache zikipita, kijana mwenyewe anapiga simu kusema amepona kabisa.

Baba anasema, "Mwache acheze, mama watoto. Mwanamume hakomai kwa kufichwa chini ya kitanda." Mama anajibu, "Baba watoto, mwanangu hatakanyaga uwanja ule tena nikiwa hai." Kuanzia usiku huo kila mmoja analala ameelekea ukuta wake.

Ukiutazama ugomvi huu kwa haraka utadhani ni wa mpira. Sivyo. Ndani yake mna maswali mazito. Je, mzazi ana haki ya kuuhatarisha mwili wa mtoto wake, na kwa faida gani? Je, ana haki ya kumnyima kitu kizuri kwa sababu tu yeye mzazi anaogopa? Na mume na mke wasipokubaliana, neno la nani lisimame? Kwanza tuelewe vizuri huko kuumia kwenyewe, kwa maana dhamiri haiwezi kuamua vema juu ya jambo isilolijua.

Ubongo unapotikisika

Ubongo ni laini, nao umekaa ndani ya fuvu gumu. Kichwa kikigongwa, au mwili ukisukumwa kwa nguvu hadi kichwa kikavurugwa ghafula, ubongo hutikisika na kazi yake huvurugika kwa muda. Watu wengi hudhani kwamba asiyezimia hajaumia. Si kweli. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii hata kidogo. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kusahau, kuchukia mwanga na kelele, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, hasira zisizo za kawaida, na kushindwa kuyafuata masomo darasani. Nyingine huonekana papo hapo, nyingine hujitokeza baada ya saa nyingi au hata siku.

Tena, picha ya skani ya hospitali mara nyingi huonekana safi. Picha hiyo husaidia kujua kama kuna damu iliyovuja au fuvu lililovunjika, lakini haiwezi kuthibitisha kwamba ubongo umerudi katika hali yake. Kwa hiyo mzazi asiseme, "Tulipiga picha, hakuna kitu." Na kofia laini zinazovaliwa na baadhi ya wachezaji wa raga huzuia michubuko ya ngozi na masikio. Haziwezi kuuzuia ubongo usitikisike ndani ya fuvu.

Kuna dalili ambazo hazingoji mashauri ya mtu yeyote: kutapika mara kwa mara, kichwa kinachozidi kuuma, kifafa, mkono au mguu kulegea, kuona vitu viwili viwili, maumivu makali ya shingo, au usingizi ambao mtoto haamshiki. Hapo ni hospitali mara moja, hata iwe usiku wa manane.

Maswali mawili yaliyofungwa pamoja

Turudi kwa baba na mama wetu. Kosa lao kubwa ni kwamba wanabishana juu ya maswali mawili wakidhani ni moja. Swali la kwanza ni hili: je, mtoto huyu amepona kiasi cha kurudi uwanjani sasa? La pili ni hili: je, mtoto huyu aendelee na mchezo huu katika maisha yake?

Swali la kwanza ni la mwili na la wakati. Hujibiwa na daktari, na dalili, na siku zinazopita. Swali la pili ni la maadili na malezi, nalo hujibiwa na wazazi wakiwa pamoja na mtoto, baada ya kufikiri na kusali. Baba anapolijibu la kwanza kwa hoja za la pili ("ushujaa, nidhamu, heshima ya shule"), anakosea. Naye mama anapolijibu la pili kwa hofu ya la kwanza ("nilimwona akiyumba, basi asicheze milele"), anakosea pia. Yafungueni maswali haya, na nusu ya ugomvi itakwisha hapo hapo.

Katika swali la kwanza, anayesema "subiri" ashinde

Madaktari na wataalamu kutoka nchi nyingi walikutana Amsterdam mwaka 2022 kujadili jambo hili, na makubaliano yao yakachapishwa mwaka 2023. Kwa ufupi, wanasema hivi. Mchezaji anayeshukiwa kuwa ametikisika ubongo atolewe uwanjani mara moja, asirudi siku hiyo. Apumzike kwa siku moja au mbili, lakini si kufungiwa gizani. Kutembea polepole kunamfaa. Kisha arudi kwa hatua: mazoezi mepesi, mbio, mazoezi ya timu yasiyo na kukumbana, halafu ya kukumbana baada ya kuruhusiwa na mhudumu wa afya, na mwisho mechi. Kila hatua ichukue walau siku nzima, na dalili zikizidi arudi nyuma. Masomo yatangulie: asiyeweza kukaa darasani kipindi kizima hana kazi uwanjani. Watoto na vijana huchelewa kupona kuliko watu wazima, na wengi wao huhitaji hadi wiki 4. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo ya ridhaa unasema mtu asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21 kupita, hata akijisikia vizuri. Ukiupima kwa kipimo hicho, mjadala wa fainali ya wiki mbili umeshakwisha kabla ya kuanza.

Kwa nini ukali huo? Kwa sababu ubongo ambao haujapona ukigongwa tena, unaweza kuvimba ghafula na kuua. Hutokea kwa nadra, lakini hutokea, na waliokufa hivyo wengi walikuwa vijana. Mwezi wa Januari 2011, huko Carrickfergus, Ireland Kaskazini, mvulana wa miaka 14 aligongwa kichwa zaidi ya mara moja katika mechi moja ya raga ya shule, akaachwa aendelee kucheza, akafa. Mama yake alikuwapo akitazama. Tangu hapo wazazi wa mvulana huyo wamefanya kazi kubwa ili makocha na wazazi wengine waelewe hatari hii.

Hapa tunapata kanuni ya maadili iliyo wazi. Pale ambapo kosa moja linaweza kurekebishwa na jingine haliwezi, mtu mwenye busara huchagua lile linaloweza kurekebishwa. Kijana akikosa fainali ambayo kumbe angeweza kuicheza, atalia wiki moja, na mwaka ujao kuna fainali nyingine. Akicheza fainali ambayo kumbe hakupaswa kuicheza, maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo katika swali hili la kwanza wana ndoa wasipige kura na wasibishane. Wawekeane sheria ya nyumba, tena waiweke sasa kabla hakuna aliyeumia: mmoja wetu, au daktari, au mtoto mwenyewe akisema "bado", basi ni bado. Anayesema "amepona" peke yake hatoshi.

"Lakini mwenyewe anasema yuko sawa"

Wazazi wengi hutegemea neno la mtoto. Neno hilo lina uzito mdogo hapa, si kwa sababu mtoto ni mwongo, bali kwa sababu kiungo kinachotoa ushahidi ndicho kilichoumia. Tena kijana ana sababu nyingi za kujificha: wenzake wanamtegemea, kocha amempa jezi, na anaogopa kuitwa mwoga.

Wakenya tunalo kumbukumbu la kutufundisha. Robert Wangila alituletea medali ya dhahabu ya ndondi kutoka michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Nchi nzima ilisherehekea. Mwezi wa Julai 1994 alipigana mjini Las Vegas. Refa alilisimamisha pigano, na Wangila akalalamika kwamba limesimamishwa. Muda mfupi baadaye alizimia, na baada ya siku chache tu tukapokea habari za kifo chake. Alikuwa na umri wa miaka 26. Bingwa huyo hakuwa mwongo wala mjinga. Alikuwa mpiganaji, na mpiganaji ndiye mtu wa mwisho kujua kwamba ameshaumia vya kutosha. Ikiwa ilikuwa hivyo kwa mtu mzima mwenye uzoefu wote ule, itakuwaje kwa mtoto wa miaka 16?

Wazazi, jiulizeni: je, katika nyumba yenu mtoto anaweza kusema "kichwa bado kinauma" bila kulipa gharama? Kama baba hucheka, au mama hupiga mayowe na kumpigia mwalimu mkuu simu saa hiyo hiyo, mtoto atajifunza kunyamaza. Mtoto anayenyamaza ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi. Mwambieni mapema, kwa maneno rahisi: "Ukisema kweli juu ya kichwa chako, hatutakukemea, na hatutakunyang'anya mchezo kwa hasira. Tutakaa tuzungumze." Kisha litimizeni neno hilo.

Swali la pili: aendelee na mchezo huu?

Sasa mtoto amepona. Wiki zimepita, anasoma vizuri, daktari amemruhusu. Hapa mama hana haki tena ya kusema "hapana" kwa sababu tu moyo wake unadunda, wala baba hana haki ya kusema "ndiyo" kwa sababu tu yeye mwenyewe aliwahi kuvaa jezi ya shule. Wafikiri.

Kanisa halijawahi kufundisha kwamba kila hatari ni dhambi. Mtume Paulo hakuona haya kuwatumia wanariadha kama mfano wa maisha ya Kikristo. Papa Yohane Paulo II alikuwa golikipa alipokuwa kijana, na hata akiwa Papa aliendelea kwa miaka kadhaa kuteleza kwenye theluji na kupanda milima. Mwaka wa Jubilei 2000 aliwakusanya wanamichezo katika Uwanja wa Olimpiki wa Roma. Raga inamfundisha kijana kutii refa hata anapoona ameonewa, kumwinua aliyemwangusha, kuubeba mzigo wa mwenzake. Kijana wa mjini asiye na mchezo anaweza kupata mambo mengine ya kufanya jioni, na baadhi yake ni mabaya kuliko goti lililochubuka. Baba anayeyasema hayo anasema kweli.

Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2288 na 2289, inatufundisha mambo mawili kwa pamoja. Uhai na afya ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, nasi tunapaswa kuzitunza. Wakati huo huo mwili si kitu cha kuabudiwa, na ushindi wa michezo si kitu ambacho kila kingine kitolewe sadaka kwa ajili yake. Mwaka 2018 Vatikani ilitoa waraka juu ya michezo, nao unasema waziwazi kwamba mchezo usioweza kuepuka kuudhuru vibaya mwili wa mtu hauwezi kutetewa kimaadili, na kwamba kadiri tunavyozidi kuyajua madhara, pamoja na yale ya ubongo, tunapaswa kumtanguliza mtu na afya yake. Mama anayesema hivyo naye anasema kweli.

Basi kila mmoja ana nusu ya kweli. Njia ya kuziunganisha ni fadhila mbili, ushujaa na busara. Kanisa limefundisha tangu zamani kwamba busara ndiyo inayoziongoza fadhila nyingine. Ushujaa bila busara si ushujaa tena. Wazee wetu walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Hawakuwa wakimsifu mwoga, walikuwa wakimwuliza shujaa, "Kilio hiki umekileta kwa ajili ya nini?" Mashahidi wa Uganda walitoa uhai wao kwa ajili ya imani. Mama huhatarisha mwili wake ili mtoto azaliwe. Mtu anayezama hufuatwa majini na rafiki. Hatari hizo zina sababu inayolingana nazo. Kombe la shule ni kitu kizuri, lakini halilingani na akili ya mtoto.

Kwa vitendo, pimeni mambo haya. Je, hii ni mara ya kwanza kuumia, au ya pili, au ya tatu? Je, safari hii amechukua muda mrefu kupona kuliko ile ya kwanza? Je, sasa anaumia hata kwa kugongwa kidogo? Ikiwa mtikisiko unarudi tena na tena na kupona kunazidi kuchelewa, mwili umeshatoa jibu. Je, shule ina mtu anayejua kumtambua aliyeumia, na kocha anayeweza kumtoa nyota wake katika dakika ya mwisho? Timu moja ya raga inaweza kuwa salama kiasi, na nyingine ikawa ya hatari, ingawa sheria za mchezo ni zile zile. Je, upo mchezo mwingine anaoupenda, au upo wajibu mwingine katika timu ile ile usio na kukumbana? Na mambo haya yawahusu binti zetu pia, maana siku hizi nao wanacheza raga, na nchi yetu ilipeleka timu ya wanawake Olimpiki huko Rio mwaka 2016.

Kuna daktari mmoja ambaye jina lake litawapendeza wasomaji wa ukurasa huu, kwa kuwa ni Mwafrika na Mkatoliki wa kweli. Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, ndiye aliyeupima mwaka 2002 ubongo wa Mike Webster, mchezaji mashuhuri wa ule mchezo wa Kimarekani unaofanana na raga, aliyefariki akiwa na miaka 50 baada ya kuteseka sana akilini. Omalu aliona alama za ugonjwa unaotokana na kichwa kugongwa mara nyingi kwa miaka mingi, akaandika juu yake mwaka 2005, ingawa wakubwa wa mchezo huo walimpinga. Yeye mwenyewe anashikilia kwamba watoto wa chini ya miaka 18 wasicheze michezo ya kukumbana sana. Madaktari wengine hawafiki mbali hivyo. Wanasema mtikisiko mmoja uliotunzwa vizuri haumzuii kijana kuendelea. Ndiyo maana swali hili la pili linabaki kwenu, wazazi. Wataalamu wawili wanyofu wanaweza kutofautiana, na wazazi wawili wanyofu pia.

Karo inapolipwa na mchezo

Hapa tuseme jambo ambalo halisemwi wazi. Kuna vijana wanaosomeshwa na shule kwa sababu ya mchezo. Baba anaposema "acha acheze", huenda hasemi juu ya ushujaa hata kidogo. Anawaza karo ya muhula ujao, na anaona haya kuitaja. Mama naye anajua, na anaogopa kuiuliza. Wote wawili wanakaa kimya, na kijana katikati yao anabeba mzigo wa nyumba nzima kichwani mwake, kichwa kile kile kilichoumia.

Litajeni jambo hilo. Umaskini si dhambi, lakini kumwacha mtoto aulipie kwa ubongo wake, akidhani anafanya hivyo kwa hiari, ni dhuluma. Nendeni shuleni wote wawili, mkamwulize mwalimu mkuu kama msaada wa karo utaendelea mtoto akipumzika. Mwalimu mwema hatamfukuza mtoto aliyeumia akiichezea shule. Ulizeni juu ya basari, zungumzeni na padre, na msione haya kuliweka jambo hilo mbele ya Jumuiya Ndogo ya Kikristo. Karo inaweza kutafutwa mahali pengine. Ubongo wa kuyaelewa masomo hayo hautafutwi mahali pengine.

"Tumwachie Mungu"

Wengine, wakichoka kubishana, husema, "Mungu atamlinda." Maneno hayo yanasikika kama imani. Lakini kumbukeni Injili ya Mathayo, sura ya 4. Shetani alimweka Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamhimiza ajitupe chini kwa kuwa malaika wangemdaka. Bwana alikataa, kwa sababu huko ni kumjaribu Mungu. Kumrudisha uwanjani mtoto ambaye kichwa bado kinauma, huku tukisema Mungu yupo, ni kumwambia aruke kutoka kinarani. Mungu kwa kawaida huwalinda watoto kwa mikono ya wazazi wao, kwa akili za madaktari, na kwa firimbi ya refa. Tukivikataa vyombo hivyo tusitafute vingine.

Baba yako nami

Tumalizie na ndoa yenyewe. Yesu alipopotea Yerusalemu akiwa na miaka 12, Mariamu na Yosefu walirudi wote wawili kumtafuta. Walipompata, mama alimwambia kwamba baba yake na yeye walikuwa wakimtafuta kwa uchungu. Angalieni jinsi alivyosema. Hakumlaumu Yosefu mbele ya mtoto kwa kutomwangalia njiani, wala hakujitwalia uchungu wote peke yake. Alimtaja baba kwanza.

Mtoto anaposikia "baba yako amekataa, lakini mimi ningekuruhusu", hajapata ruhusa tu. Amejifunza kwamba nyumba ina mlango wa nyuma. Mama anayempigia kocha simu kwa siri, au baba anayetia sahihi fomu ya shule bila mke wake kujua, anashinda mechi moja na kupoteza kitu kikubwa. Mtume Paulo, kabla ya kusema lolote juu ya mume na mke katika barua kwa Waefeso, kwanza anawataka Wakristo wanyenyekeane wao kwa wao. Na Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu ulio sawa wa kumtunza mtoto, na kwamba manufaa ya mtoto yatangulie. Kwa hiyo "mimi ndiye kichwa cha nyumba" si jibu, na "mimi ndiye niliyemzaa" si jibu pia.

Kama mmeshindwa kabisa kukubaliana juu ya swali la pili, fanyeni hivi. Kila mmoja aeleze hoja ya mwenzake mpaka mwenzake aseme, "Naam, hivyo ndivyo ninavyowaza." Kisha mwiteni mtoto, mumsikilize bila kumkatiza, si kwamba neno lake ndilo la mwisho, bali mwili ni wake. Kisha wekeni muda: "Muhula huu apumzike, halafu tukae tena." Uamuzi wa muda mfupi ni rahisi kuukubali kuliko wa milele. Na uamuzi ukishafikiwa, utangazwe na wote wawili, mtoto akiwaona mmekaa upande mmoja wa meza.

Maswali ya kuzungumza mume na mke

1. Je, tunajua namba ya simu ya muuguzi na ya mwalimu wa michezo wa shule ya mtoto wetu, na wao wana namba zetu sote wawili?

2. Ninapomtazama mtoto wetu akicheza, natafuta furaha yake au utukufu wangu? Ninapomkataza, namlinda yeye au naituliza hofu yangu?

3. Je, mtoto wetu anaweza kutuambia kwamba ameumia bila kuogopa?

4. Je, upo uamuzi mmoja juu ya watoto wetu nilioufanya kwa siri, ambao leo ningependa mwenzangu aujue?

Zungumzeni haya jioni moja, simu zikiwa zimewekwa kando, kisha salini pamoja kwa ajili ya kila mtoto kwa jina lake. Mungu aibariki nyumba yenu.